Kubalehe hakusubiri darasa la sita: barua ya wazi kwa wakubwa wa afya na elimu

Waheshimiwa mnaoongoza wizara za afya na za elimu, nyie mnaoandika silabasi, nyie mnaokagua bidhaa kabla hazijaingia sokoni, na walimu wakuu wote,

Shikamooni. Naandika hivi hivi bila kupanga sana maana nikisubiri nipate muda wa kuipamba hii barua haitaandikwa.

Mimi ni mwalimu wa madarasa ya chini, huu mwaka wa 19 nasimama mbele ya watoto wa miaka saba, minane, tisa. Udaktari sijausomea ila macho ninayo, na ninachokiona siku hizi nilipoanza kazi nilikuwa nakiona kwa mtoto mmoja halafu inapita miaka ndo namwona mwingine. Sasa hivi kila darasa ninalopewa wapo, na sio mmoja.

Muhula uliopita nilikuwa na binti wa darasa la tatu, miaka minane na miezi, mchangamfu, mbio anawapita mpaka wavulana. Ghafla akaacha kukimbia. Mapumziko anakaa kwenye ngazi, sweta kavaa na kafunga vifungo mpaka juu na jua linawaka, namwambia vua sweta mwanangu anatikisa kichwa, daftari kalikumbatia kifuani kwa mikono miwili. Siku moja baada ya vipindi nikambakiza. Alikaa kimya muda mrefu anachezea kifungo, halafu akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu nina jipu. Upande mmoja. Linauma nikiligusa." Nikamuuliza umemwambia mama? Akasema hapana, kwa sababu shangazi yake naye alikuwa na kivimbe hapo hapo na walimzika.

Nikamweleza kwamba hilo sio jipu wala ugonjwa wa shangazi, ni titi linaanza kuota, mara nyingi linaanza upande mmoja, linauma kidogo, la pili linafuata baadaye. Akaniangalia, akauliza, "Kwa hiyo sifi?" Nikamwambia hufi mama. Kesho yake alikuja na sweta vile vile, ila mapumziko alikimbia.

Wiki tatu. Nilimuuliza akaniambia ni wiki tatu. Mtoto wa miaka minane kabeba kifo chake peke yake wiki tatu, anakuja shule, anafanya hesabu zake, nikimsalimia anaitikia vizuri kabisa, kwa sababu tu somo la mabadiliko ya mwili lipo darasa la sita na sisi wa madarasa ya chini tumeambiwa hayo mambo tusiyaguse, watoto bado wadogo.

Hilo ndo lililonifanya niandike. Silabasi yenu ina mambo mazuri na hiyo mada ya darasa la sita nimeisoma, imeandikwa kwa heshima, shida ni kwamba imeandikiwa miili ya zamani. Na zamani yenyewe wala sio ya mbali. Mwaka 1969 madaktari wawili wa Uingereza, Marshall na Tanner, walichapisha utafiti wa wasichana 192 waliokuwa wakiwafuatilia wanavyokua, wakakuta titi linaanza kuota kwenye miaka 11 na kidogo kwa wastani, na namba hiyo ikakaa vitabuni miaka na miaka kama ndo sheria. Halafu kule Marekani kuna mama mmoja anaitwa Marcia Herman-Giddens, alikuwa anahudumia watoto kliniki, akawa anaona watoto wa miaka 8 na 9 wanaletwa kwa mambo mengine kabisa na matiti yameshaanza, akajiuliza mbona hii hailingani na vitabu. Akakusanya taarifa za wasichana zaidi ya 17,000 akachapisha 1997: wastani karibu miaka 10 kwa wasichana wazungu, na chini kidogo ya 9 kwa wenye asili ya Afrika. Walimpinga sana. Mimi huyu mama nampenda kwa sababu alianza kwa kuona tu watoto waliokuwa mbele yake, na hakukubali kuambiwa kwamba macho yake yanamdanganya.

Mwaka 2020 watafiti wa Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, wakakusanya tafiti 30 za nchi tofauti tofauti, wakakuta kuanzia 1977 mpaka 2013 umri wa titi kuanza kuota umeshuka karibu miezi 3 kwa kila miaka 10. Miezi mitatu inaonekana kitu kidogo, ila ukijumlisha hiyo miaka yote unapata miezi kumi hivi, na kwa mtoto miezi kumi ni darasa zima.

Umri wa hedhi nao umeshuka, ila miaka ya karibuni haujakimbia kiasi hicho. Ulaya katikati ya karne ya 19 msichana alikuwa anavunja ungo kwenye 16 au 17, siku hizi ni 12 au 13. Takwimu za Marekani zilizotolewa 2024, za wanawake zaidi ya 71,000, zinaonyesha waliozaliwa 1950 hadi 1969 walivunja ungo wakiwa na miaka 12.5 kwa wastani, na waliozaliwa 2000 hadi 2005 ni 11.9, na walioanza kabla hata ya kutimiza miaka 9 wameongezeka kutoka asilimia 0.6 mpaka 1.4. Kwa hiyo mtoto anaingia kwenye kubalehe mapema halafu anakaa humo muda mrefu kuliko mama yake alivyokaa, na huo muda mrefu wote hakuna mtu mzima anayemwambia kitu kwa sababu kwenye makaratasi yetu bado hajaingia.

Sasa sababu. Hapa kila mtu ana jibu lake na majibu mengi yanaishia kumlaumu mama, eti kamlisha nini, kamuachia simu, kamvalisha nini. Naomba niseme ninavyoelewa baada ya kusoma na kuwauliza madaktari wawili watatu walionivumilia.

Kubalehe kunaanzia kwenye ubongo, kifuani ndo tunakuja kukuona. Chini ya ubongo kuna sehemu ndogo inaitwa haipothalamasi, utoto karibu wote imetulia, wakati ukifika inaanza kutoa homoni kwa mapigo, mwanzoni usiku mtoto akiwa amelala, tezi ya pituitari inapokea, inaamsha ovari, ovari zinatoa estrojeni, homoni ya kike, ndo titi linaota. Anayeiamsha hiyo haipothalamasi ni kitu kinaitwa kispeptini, na wanasayansi walikuja kuijua kazi yake kwenye kubalehe mwaka 2003 tu, juzi juzi. Kwa hiyo swali zima ni nani anagonga mlango kabla ya wakati.

Anayejulikana zaidi ni mafuta ya mwili. Seli za mafuta zinatoa homoni inaitwa leptini, inauambia ubongo akiba ipo, mwili unaweza kuanza kujiandaa. Ndo maana mtoto mwenye njaa ya muda mrefu anachelewa na mtoto mwenye uzito mkubwa mara nyingi anawahi, na mafuta yenyewe yanatengeneza estrojeni pia. Halafu kuna sukari. Watafiti wa Harvard walichapisha 2015 matokeo ya kuwafuatilia wasichana zaidi ya 5,500, wakakuta waliokuwa wanakunywa vinywaji vya sukari zaidi ya kimoja na nusu kwa siku walivunja ungo karibu miezi 3 kabla ya wale wanaokunywa mara chache, na walipozingatia uzito tofauti bado ilikuwepo.

Ila msije mkaishia hapo mkasema basi ni unene, tuanzishe kampeni watoto wapungue, tumemaliza. Copenhagen hao hao, kwa watoto wa mji wao, waliona umri wa titi kuanza umetoka 10.9 mwanzoni mwa miaka ya 1990 ukafika 9.9 kwenye 2006 hadi 2008, na uzito wa watoto haukutosha kuelezea huo mshuko. Kuna kingine.

Kingine kinachoshukiwa ni kemikali zinazouchanganya mwili, unaziona kama homoni zake. Ftaleti zinazolainisha plastiki na kushikilia harufu kwenye losheni na shampuu, parabeni za kuzuia vipodozi visiharibike, triklosani ya kuua vijidudu iliyokuwa inawekwa kwenye sabuni na dawa za meno, bisfenoli A ya kwenye plastiki ngumu. California kuna watafiti wamefuatilia kina mama tangu wakiwa wajawazito mpaka watoto wao wakabalehe, na 2018 walitoa matokeo kwamba mama aliyekuwa na kiwango kikubwa cha ftaleti ya aina moja na triklosani wakati wa ujauzito, binti yake aliwahi zaidi kubalehe. Yaani mtoto hajazaliwa. Na 2024 taasisi za taifa za afya za Marekani zilipima kemikali kama 10,000 kwenye seli, ikajitokeza moja inayotumika kwenye harufu, maski ambreti, inagusa moja kwa moja zile njia za ubongo nilizozitaja. Kwenye seli na kwenye samaki wadogo, bado sio kwa mtoto, nalisema wazi. Lakini mnataka tusubiri mpaka iwe kwa mtoto? Huyo mtoto wa kupimia ni wa nani?

Na kuna jambo la tatu ambalo watu hawapendi kulizungumza. Mazingira magumu ya utotoni, hofu, ugomvi wa nyumbani, yamehusishwa na kuwahi kubalehe. Mwaka 2017 mtafiti Jennie Noll na wenzake Marekani walichapisha kwamba wasichana waliofanyiwa ukatili wa kingono waliota matiti miezi 8 mapema, na nywele za sehemu za siri mwaka mzima mapema, kuliko wenzao. Nilipoisoma hiyo niliiweka simu chini. Maana yake kuna mtoto ambaye mwili wake umekimbizwa kuwa mkubwa na mtu mzima, halafu sisi wengine tunamwangalia tunasema huyu naye kawahi.

Jamani sisemi kila anayewahi ameguswa, hapana, wengi wapo salama kabisa majumbani kwao na wengi ni kurithi tu, mama aliwahi na yeye anawahi. Ninachosema ni kwamba mtoto akiwahi sana, kabla ya kumpangia mama yake cha kumlisha, awepo mtu mmoja mpole, mwenye muda na mafunzo, amuulize mtoto kwenu kukoje. Shuleni kwetu mtu huyo hayupo. Kuna mimi na watoto wangu arobaini na kitu.

Hata kufungiwa ndani kwa korona kulionekana. Mwaka 2020 madaktari wa watoto Italia waliripoti kwamba wasichana wanaoletwa kwa kubalehe kabla ya wakati wameongezeka ghafla, na nchi nyingine wakaona hivyo hivyo. Usingizi kuvurugika, skrini, uzito, wasiwasi, vyote vimetajwa. Mimi nachukua moja tu hapo, kwamba mwili wa mtoto unasikia yanayotokea nyumbani na unabadilika.

Halafu kuna tunachowafanyia sisi wakubwa, na hapa ndo roho inaniuma zaidi. Mtoto akiota titi watu wanasahau umri wake siku hiyo hiyo. Jana alikuwa anabebwa mgongoni, leo anafokewa kaa vizuri wewe ni mkubwa sasa. Kuna siku mtu mzima mmoja alileta mizigo shuleni, akamwona binti wa miaka tisa anapita na ndoo, mrefu kuwazidi wenzake, akamwita mchumba. Mbele yangu. Binti akacheka kwa sababu hakujua afanye nini na uso wake, walimu wawili nao wakacheka. Nilimwambia yule mtu huyu ana miaka tisa, akajibu, "Mbona haonekani?" Hilo ndo jibu alilonipa. Akili ya yule mtoto ni ya miaka tisa, bado anasinzia kwenye basi kaegemea bega la mtu, ila urefu na kifua vinamfanya kila mtu amdai utu uzima.

Na huo urefu wenyewe unamdanganya, estrojeni inafunga mifupa mapema, kwa hiyo anayewahi sana anakuwa mrefu darasa la tatu halafu anaacha kukua wakati wenzake wanampita. Na huko mbele kuna mengine: kwa kila mwaka hedhi inavyowahi, hatari ya saratani ya matiti inapanda kwa kama asilimia 5. Sonona pia inawaandama zaidi wanaowahi. Sihitaji kuendelea, wizara ya afya hayo mnayajua kuliko mimi.

Kwa hiyo naomba nini.

Somo lishuke. Darasa la pili mwishoni au la tatu mwanzoni, vipindi viwili vitatu tu, kwa lugha ya watoto: titi linaanzaje, nywele, jasho, damu ni nini na ukiiona unamwambia nani. Wavulana wawemo, wasitolewe nje, maana kicheko cha wavulana ndo kinachomvalisha yule binti sweta. Najua mtaambiwa mnawafundisha watoto uhuni, hata mimi nimeambiwa na mzazi, nikamjibu mama huyo mtoto hajaniuliza mambo ya wanaume, kaniuliza kama anakufa. Alinyamaza, baadaye akaniomba nimweleze na yeye namna ya kuanza mazungumzo nyumbani, kwa sababu yeye mwenyewe hakuambiwa na mtu.

Vyoo. Ripoti ya UNICEF na Shirika la Afya Duniani ya 2024 inasema ni asilimia 39 tu ya shule duniani zinazotoa elimu ya hedhi, na ndoo za kutupia pedi kwenye vyoo vya wasichana zipo kwenye asilimia 31. Sasa hata hizo ndoo zikiletwa zinawekwa vyoo vya madarasa ya juu. Kwetu vyoo vya wadogo mlango wa pili haufungi, ndoo hakuna, maji ni ya kuchota nje, na boksi la pedi la dharura limefungiwa ofisini, kwa hiyo mtoto wa miaka tisa aliyechafua sketi anatakiwa apite mbele ya walimu wa kiume, agonge, ajieleze ndo apewe. Mwaka jana mmoja alijifungia chooni kuanzia saa nne mpaka kengele ya kwenda nyumbani. Tulijua hayupo kwa sababu begi lake lilibaki kwenye dawati. Kitasa na ndoo jamani, sio mradi wa wafadhili huo.

Nyie wa hospitali, toeni mwongozo mmoja mfupi wa kubandikwa kila shule na kila kliniki ya watoto: binti akionyesha dalili kabla ya miaka 8 apelekwe kwa daktari, asisubiri. Wakishapima damu na kupiga picha ya mkono wa kushoto kuangalia umri wa mifupa wanajua kama ni kitu cha kutulizwa au cha kufuatilia tu, na wanaohitaji zipo sindano za kusimamisha hilo zoezi kwa muda, zimetumika tangu miaka ya 1980. Wazazi wengi hawajui kama zipo. Wanamleta mtoto ameshavunja ungo, na wengine wameshazungushwa kwa kila aliyejidai ana dawa. Na kama kliniki za kupima hayo ni chache kiasi kwamba foleni inamaliza utoto wa mtoto, basi semeni hadharani ni ngapi na mnaongeza lini.

Na nyie mnaopitisha bidhaa, mafuta ya watoto, shampuu za watoto, visabuni vyenye harufu, vikopo na chupa. Wekeni sharti kwamba neno "harufu" peke yake lisitoshe kwenye lebo, waandike kilichomo, kwa maandishi ambayo mama anaweza kuyasoma bila miwani. Inawezekana. Bisfenoli A ilitolewa kwenye chupa za kunyonyeshea Umoja wa Ulaya 2011 na Marekani 2012, na chupa bado zipo, watoto wananyonya, hakuna kiwanda kilichokufa. Mama hawezi kujikagulia kemikali jikoni kwake, msimbebeshe hiyo kazi halafu mkamlaumu ikimshinda.

La walimu nalo, tupeni mafunzo. Hata siku mbili. Mimi yule binti nilimjibu kwa sababu nina binti wangu na nilishapita hapo, mwenzangu kijana aliyeajiriwa juzi angefanya nini? Aliniambia mwenyewe angemtuma kwa mwalimu wa kike, na siku hiyo mwalimu wa kike angekuwa likizo.

Yule binti sasa yupo darasa la nne. La pili liliota pia, alikuja kuniambia mwenyewe mlangoni, kwa kunong'ona, akakimbia kabla sijajibu. Muhula ujao nakabidhiwa darasa la tatu jipya na nimeshaamua wiki ya kwanza naongea nao, kwa chati niliyoichora mwenyewe kwa kalamu za rangi usiku baada ya kusahihisha, mwili umeenda upande kidogo ila wataelewa. Mwalimu mkuu nimeshamwambia, hakukubali wala hakukataa, alisema anasubiri waraka kutoka juu. Huo waraka ndo naowaomba.

Wenu,
Mwalimu wa darasa la tatu